Baada ya Pugu, taka zetu zitakwenda wapi?

Sisi wa Ukonga tunayaona magari ya taka yakielekea dampo la Pugu Kinyamwezi. Hatuhitaji kuelezwa harufu yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa mtaani kwao, wakashinda. Hata hivyo, mzigo ulihamishwa tu: Vingunguti, kisha Mtoni, hatimaye Pugu. Kila mara alibebeshwa jirani mwingine. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' (2015), alikemea utamaduni huu wa kutupa.

Sehemu kubwa ya taka za majumbani ni maganda na mabaki ya chakula. Yakifukiwa na plastiki huzaa gesi ya methani, ambayo huwaka, na maji machafu yanayopenya ardhini. Yakitengwa huwa mboji. Manispaa ya Kinondoni, ikishirikiana na jiji la Hamburg, imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande. Lakini maganda yaliyokwisha kuchanganyika na vioo hayakifai.

Basi, kabla ya kudai dampo jipya (nani atalikubali jirani na nyumba yake?), jumuiya ndogondogo zianze na ndoo mbili kila nyumba, na zimwulize mwenyekiti wa mtaa kama gari la taka litazipokea mbalimbali au litazichanganya tena.