Mfuko wa Begani Usiokatika: Turekebishe Patani Kabla ya Kuomba Cherehani Kipya



Katika parokia nyingi, kikundi cha ushonaji ni miongoni mwa miradi ya mwanzo ya akina mama na ya vijana waliomaliza mafunzo ya ufundi. Mfuko wa kitambaa nao ni miongoni mwa bidhaa za mwanzo za kikundi, kwa sababu hauna kola, mikono wala zipu. Soko pia lipo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Anayekwenda sokoni au dukani anahitaji kitu cha kubebea.

Hata hivyo, kikundi cha parokia hakiwezi kushindana kwa bei na mifuko mbadala myepesi inayotoka viwandani. Kinachoweza kukiuza ni uimara. Mnunuzi ambaye mkanda umemkatikia njiani, unga na nyanya zikamwagika, harudi tena, na majirani zake watasikia. Mauzo yakishuka, mara nyingi kikundi huandika ombi la cherehani kingine. Lakini ikiwa kasoro iko kwenye patani, cherehani kipya kitashona kasoro ile ile kwa kasi zaidi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kurekebisha patani ya mfuko wa begani kwa gharama ya kipande cha katoni, rula na siku moja ya kazi.

Mfuko hukatika wapi?

Kabla ya kuchora upya, kusanyeni mifuko iliyochakaa na kuichunguza. Sehemu dhaifu ni tatu.

Kwanza, shina la mkanda. Mkanda ukishikiliwa na mstari mmoja wa mshono kwenye ukingo wa juu, uzito wote unaning'inia kwenye mstari huo. Vitundu vya sindano vilivyokaribiana hugeuza kitambaa kuwa kama karatasi ya stempu: kinachanika pale pale kilipotobolewa. Tena mzigo wa mtu anayetembea huruka na kushuka kila hatua, hivyo mvuto kwenye mkanda unapita uzito ulioonyeshwa na mizani.

Pili, pembe za chini. Mfuko bapa usio na kitako hulundika mzigo katikati na kuvuta mshono wa chini.

Tatu, mishono ya pembeni. Kitambaa kikiachiwa nafasi ndogo ya mshono bila kuzibwa, nyuzi huchomoka kila kinapofuliwa, hadi mshono unabaki hauna cha kushika.

Chanzo cha nne hakionekani kwenye mfuko mmoja: kunakili nakala. Mshonaji akipima kwa mfuko wa jirani, na mwingine akapima kwa wake, nusu sentimita inaongezeka au kupungua kila mara. Baada ya muda kikundi kinashona mifuko ya saizi tano tofauti, na oda ya semina au ya duka haiwezi kutimizwa kwa usawa.

Vipimo vya patani mpya

Tuchukue mfano wa mfuko wa kawaida wenye vipande viwili vya mwili, kila kimoja sentimita 40 kwa 45, vilivyounganishwa chini, na mkanda uliokatwa sentimita 14 kwa 90. Patani mpya ina vipande viwili tu:

1. Mwili: upana sentimita 36, urefu sentimita 90. Unakunjwa katikati, hivyo mshono wa chini haupo tena.
2. Mkanda: upana sentimita 13, urefu sentimita 90. Ukikunjwa mara nne unakuwa na upana wa sentimita 3 hivi, unaotandaza uzito begani bila kukata ngozi.

Vipande vyote vikatwe urefu wake ukifuata mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani wa kitambaa. Mkanda uliokatwa mshazari hunyooka kama mpira, na baada ya wiki chache mfuko unafika magotini. Chora mshale wa mtande kwenye kila kipande cha patani.

Kitambaa kiwe kizito: kaki, jinzi au turubai la pamba. Kitenge na khanga vinapendeza, lakini ni vyembamba. Vikitumika, viwekewe bitana ya amerikani. Kitambaa cha pamba kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Mkitaka kujua kitambaa kinarudi kiasi gani, kateni kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifueni, kikaukeni, kisha mkipime. Kikibaki sentimita 48, kimerudi asilimia 4. Mfuko ulioshonwa bila kufuliwa kwanza utarudi ukiwa tayari mikononi mwa mnunuzi.

Hatua za kushona

1. Shona pembeni mara mbili. Mshono wa kwanza upite kwa nje, sentimita 0.5 kutoka ukingoni. Geuza mfuko ndani nje, piga pasi, kisha shona tena sentimita 1 kutoka ukingoni. Kingo zote zinafungiwa ndani ya mshono na hazichomoki, hata kama kikundi hakina mashine ya kuzungushia.

2. Tengeneza kitako. Mfuko ukiwa bado ndani nje, vuta kila pembe ya chini hadi iwe pembetatu, mshono wa pembeni ukiwa katikati. Pima sentimita 4 kutoka kwenye ncha. Hapo upana utakuwa sentimita 8. Shona kukatiza hapo mara mbili. Usikate pembetatu hiyo. Ilaze chini ya kitako na kuishikiza.

3. Kunja pindo la juu: sentimita 1, kisha sentimita 3. Shona mistari miwili, mmoja chini ya pindo na mwingine karibu na mdomo wa mfuko.

4. Andaa mkanda. Kunja kingo zote mbili zikutane katikati, kisha kunja tena katikati. Piga pasi na kushona pande zote mbili kwa urefu.

5. Funga mkanda. Laza kila ncha ndani ya mfuko, juu ya mshono wa pembeni. Kunja sentimita 1 ya mwisho ili ukingo ufichike, na sentimita 5 zibaki zimelala kwenye mfuko, zikivuka pindo. Shona umbo la kisanduku kuzunguka eneo hilo, kisha shona msalaba kutoka pembe hadi pembe. Mzigo uliokuwa kwenye mstari mmoja sasa umegawanywa kwenye mistari sita na kwenye eneo pana la kitambaa.

Hapo kwenye mkanda tabaka ni nyingi, na sindano nyembamba huvunjika. Tumieni sindano namba 16 au 18 na uzi wa polyesta. Kabla ya kukunja ncha ya mkanda, punguzeni kwa mkasi tabaka mbili za ndani kwenye ile sentimita 1. Gongeni sehemu nene kwa nyundo, kisha zungusheni gurudumu la cherehani kwa mkono badala ya kukanyaga. Mishono iwe na urefu wa milimita 3 hivi. Mishono midogo sana huongeza vitundu bila kuongeza nguvu.

Mfuko ukikamilika unakuwa na upana wa sentimita 25, kitako cha 8 na kimo cha 37, na mkanda wa sentimita 78.

Hesabu ya kitambaa

Marekebisho haya hayaongezi gharama ya kitambaa; yanaipunguza. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hubakiza kama sentimita 148 baada ya kuondoa kingo za kiwandani. Kwa patani ya zamani, mwili na mkanda vilichukua sentimita 54 za upana (40 na 14). Katika kila urefu wa sentimita 90 ilipatikana mifuko 2, na kubaki kipande cha sentimita 40 kinachotosha mwili lakini kisicho na mkanda. Kwa patani mpya, vipande viwili vinachukua sentimita 49 (36 na 13). Mara tatu ni 147, hivyo inapatikana mifuko 3.

Kwa lugha ya mfukoni: mita 9 za kitambaa zilizotoa mifuko 20 sasa zinatoa 30. Kwa mfano wa hesabu tu, mita moja ikiuzwa shilingi 6,000, kitambaa cha mfuko mmoja kinashuka kutoka shilingi 2,700 hadi 1,800. Tofauti hiyo ya shilingi 900 inatosha kuangalia upya malipo ya mshonaji na kununua uzi bora.

Jaribio kabla ya kuuza

Shoneni mfuko mmoja wa majaribio. Ufueni na kuukausha mara tatu. Kisha tieni kilo 10 za mchanga, utundikeni kwenye boriti usiku kucha, na asubuhi uinueni na kuushusha kwa mshtuko mara 50. Chunguzeni mkanda, pembe na mishono ya pembeni. Panapofunguka, rekebisheni patani, si mfuko. Mkiridhika, chongeni patani ya katoni ngumu, andikeni juu yake tarehe, vipimo na mshale wa mtande, na muitundike ukutani. Hiyo ndiyo patani mama. Kila nakala ipimwe kwake, na isitumike yenyewe kukatia.

Neno kwa kamati na wafadhili

Uimara si suala la mauzo pekee. Utafiti uliotolewa na mamlaka ya mazingira ya Uingereza mwaka 2011 ulikadiria kuwa mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo athari yake kwa joto la dunia ishuke hadi ile ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki atafikia idadi hiyo baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Mfuko unaokatika baada ya miezi miwili haujamsaidia mshonaji, mnunuzi wala mazingira tunayosema tunayatunza.

Kwa hiyo tunashauri kwamba ombi lolote la vifaa vya ushonaji liambatane na mambo matatu: mfuko uliofanyiwa jaribio, patani mama yenye tarehe, na hesabu ya kitambaa kwa kila mfuko. Mfadhili akiviona hivyo anajua cherehani atakachonunua kitashona nini.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mifuko yetu iliyorudishwa ilikatika sehemu gani?
2. Nani anatunza patani mama, na nani anakagua kabla ya kuuza?
3. Mabaki ya kitambaa ya mwezi uliopita yalikuwa kiasi gani, na yangetoa mifuko mingapi?
4. Akiba itakayopatikana igawanywe vipi kati ya washonaji na mfuko wa kikundi?