Miaka minne majini, wiki sita angani

Kereng'ende wa manjano wanaojaa Afrika Mashariki msimu wa mvua, Pantala flavescens, hukomaa ndani ya dimbwi kwa siku 38 hadi 65 tu. Aeshna caerulea, wa kaskazini ya mbali, huhitaji miaka 3 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Kinachomgharimu ni baridi: tunutu wake, mtoto asiye na mabawa anayeishi majini, hukua miezi michache ya joto tu. Tukimpa wiki 6 za kuruka baada ya miaka 4 majini, muda wake angani haufiki asilimia 3 ya maisha yake.

Ni mdudu wa milimita 60 hivi, mwili wa kahawia iliyoiva na jozi za mabaka ya buluu mgongoni. Mtazame dume asubuhi ya ubaridi: buluu imefifia, inaelekea kijivu. Akipata joto, mabaka yanang'aa tena. Joto hilo hulitafuta kwa kutua kwenye mawe meupe na mashina ya misonobari yanayopigwa na jua, hata kwenye nguo nyeupe ya mpita njia.

Hans Strøm, kasisi wa Norway, ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1783. Makazi yake yanaanzia Scotland, yanapita Skandinavia na Siberia hadi Kamchatka: digrii zaidi ya 160 za longitudo. Kwenye latitudo ya 60, ambako digrii moja ni kilomita 55 na ushei, hizo ni karibu kilomita 9,000.

Ramani hiyo isitudanganye. Maisha yenyewe yako kwenye vidimbwi vya vinamasi vya mboji, vya kina kifupi, vinavyopata joto haraka. Kidimbwi kimoja hulea tunutu waliotagwa katika miaka 3 au 4 tofauti kwa wakati mmoja. Ukichimbwa mfereji wa kukausha ardhi ipandwe miti, kama ilivyofanyika sana Scotland, wote wanakwenda pamoja.

Mwaka 2020 serikali ya Scotland ilitangaza pauni milioni 250 kwa miaka 10, ili kufufua hekta 250,000 za ardhi ya mboji. Wastani ni pauni 1,000 kwa hekta. Shabaha kuu ni kuhifadhi kaboni ardhini, lakini kazi yenyewe, kuziba mifereji maji yatuame, inamfaa pia kereng'ende huyu, na naiona fedha hiyo ni halali yake. Ila wakaguzi wasiharakishe hesabu: yai litakalotagwa leo katika kidimbwi kilichofufuliwa litatoa mdudu wa kuruka baada ya miaka 3 au 4.