Mjomba, Kiboko na Kapu la Mukeke

Watoto, leo hakuna sungura mjanja wala fisi mwenye tamaa. Kiboko wa kisa hiki hakusema hata neno moja. Aliyesema sana ni mjomba wangu, na ndiyo maana yakamkuta.

Mjomba alikuwa fundi wa magari Buyenzi, hapa hapa Bujumbura, mtaa ambao mtoto hujua majina ya spana kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Siku moja Bibi alikuwa na wageni wa posa, akataka wale mukeke, yule samaki asiyepatikana katika ziwa lingine lolote duniani ila Tanganyika. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, kwa hiyo anayetaka samaki wazuri huwahi. Mjomba akaswali alfajiri, akapanda baiskeli mpaka upande wa Kinindo, akabembeleza bei, akafunga kapu nyuma, akaanza kurudi giza likiwa bado halijaisha.

Kwenye kijia cha kutoka ufukweni akaona kitu kikubwa cheusi kimeziba njia, hakina taa. Fundi akiona kitu kama hicho huona riziki.

"Bwana we, gari limekuzimikia? Fundi ndiye huyu!"

Kimya. Akapiga kengele ya baiskeli. Kile kitu kikatoa pumzi kwa kishindo: phooo!

"Rejeta hiyo," akasema Mjomba, akasogea kuitafuta boneti. Boneti ikafunguka yenyewe.

Hapo tusimame kidogo. Kiboko anaweza kufungua mdomo hadi nyuzi 150, na chonge zake za chini hufika nusu mita. Wengi wakimwona hivyo hudhani anapiga miayo. Hana usingizi huyo, anakuambia uondoke.

Alikuwa anatafuta nini huko? Mchana kutwa kiboko hukaa majini kwa sababu ngozi yake hukauka upesi, ingawa hutoa majimaji mekundu yanayomkinga na jua. Usiku hupanda nchi kavu kula nyasi, kiasi cha kilo 40 kwa usiku mmoja, na kabla jua halijapanda anarudi ziwani. Hajui bustani ya mtu wala uwanja wa hoteli. Nyasi kwake ni nyasi. Siku hizi ndiyo zaidi: ziwa limepanda, na mwaka 2020 mto Rusizi ulivunja kingo ukaifurikia Gatumba, watu wakahama. Maji yakisogea, na kiboko naye husogea.

Basi yule alikwisha shiba, anarudi kwake. Na Mjomba alisimama wapi? Kati yake na maji, baiskeli mkononi. Hapana mahali pabaya kuliko hapo. Kiboko mzima anaweza kupita kilo 1,500, madume wachache hufika hata mara mbili yake, na akiamua kukimbia anafika kilomita 30 kwa saa. Mjomba, kwa kitambi kile, hata kwa baiskeli hakuwa amewahi kufika huko. Akaitupa, akaacha kandambili moja njiani, akaparamia mwembe ambao mpaka leo hajui aliupandaje.

Akiwa juu akakumbuka kapu. "Ewe mnyama, niachie mukeke wangu!" Ombi la bure. Kiboko ni mla majani. Alinusa kapu, akaona hamna chakula, akageuka kuondoka. Mjomba akapata ushujaa wa mtini, akacheka: "Kumbe hujui utamu wewe!"

Afadhali angenyamaza. Kiboko alikuwa amelipa kapu mgongo, na mkia wake mfupi ukaanza kuzunguka kama feni. Ndivyo afanyavyo akijisaidia: mkia huipiga samadi ikatawanyika huku na huko, na kwa harufu hiyo dume huwajulisha wenzake kwamba hapa napita mimi. Ni desturi yake, wala hakumkusudia mtu. Tena samadi hiyo ikiingia ziwani hulisha wadudu na samaki. Samaki walio hai lakini, si wa kapuni.

Alipokwisha, akateremka majini taratibu. Mjomba hakushuka. Jua lilipochomoza wakapita akina mama wa samaki na mabeseni kichwani, mmoja akainua macho: "Mzee, maembe yameiva?"

Nyumbani Bibi alilinusa kapu akiwa bado mlangoni. Wakaosha samaki kwa ndimu, kisha kwa siki, kisha wakawapa paka, na paka akawatazama tu. Wageni wakala wali na maharage. Posa yenyewe ilikuwa ya mama yangu, na kwa kuwa niko hapa nawasimulia, mnajua kwamba ilikubaliwa.

Msiniulize habari za Gustave, yule mamba mashuhuri wa Rusizi. Yeye hana la kuchekesha. Na kiboko naye huua watu, tunacheka leo kwa sababu mwembe ulikuwa karibu. Kwa hiyo mkimkuta ufukweni jioni au alfajiri, msimsogelee kumpiga picha kwa simu, msimrushie mawe, na msisimame upande wa maji. Rudini nyuma polepole, mumwachie njia yake, na mkamwite mtu mzima.