Je, Wajua? Mashine inayochonga bila kuona

Mashine ya CNC ya kuchongea mbao, ile ambayo watu hujiundia wenyewe nyumbani, haina jicho. Kompyuta huziambia tu mota zake zipige hatua ngapi. Mota ya kawaida ya aina hii humaliza mzunguko mmoja kwa hatua 200. Ikizungusha skrubu inayosogeza nati milimita 8 kwa mzunguko, kila hatua ni milimita 0.04, chini ya nusu ya unene wa karatasi!

Tatizo ni pale biti, yaani kisu kinachozunguka, inapokwama kwenye fundo la mbao. Mota ikikosa hatua 100, mashine haina habari. Inaendelea kuchonga kwa madaha, na ua unalochonga limeshahama milimita 4. Nati nayo ikilegea, duara hutoka lina kovu kila mahali skrubu ilipogeuza mwelekeo. Dawa yake ni nati mbili zenye springi katikati.

Ubongo wa mashine hii mara nyingi ni kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho Arduino Uno, chenye Grbl, programu ya bure iliyoanza 2009. Babu wa mashine hizi, aliyeoneshwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1952, alisoma maagizo kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa.