Sauti ya kuazima katika mvua ya Hollywood

Wapo wasomaji watakaostaajabu kumwona mwalimu wa isimu akiitumia nafasi hii kuzungumzia sinema, tena sinema ya Wamarekani, tena ya mwaka wa 1952. Wataniuliza kama nimeishiwa na mada za ngeli na sarufi. La, sijaishiwa. Filamu ninayoikusudia, Singin' in the Rain, yaani Kuimba Mvuani, inahusu matamshi zaidi ya inavyohusu mvua. Ndiyo sababu kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiionyesha kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa fonetiki, mwanzoni kwa diski moja kuukuu iliyokuwa ikikwama kila mara, siku hizi kwa kompyuta.

Hata asiyepata kuitazama filamu nzima yamkini amewahi kukiona kipande chake kimoja: mwanamume anaufunga mwavuli wake makusudi, anayaacha maji yamwagike usoni, anaurukia mlingoti wa taa na kuning'inia kwa mkono mmoja, kisha anayakanyagakanyaga madimbwi kama mtoto aliyewatoroka wazazi wake, hadi askari anapotokea na kumkazia macho. Huyo ni Gene Kelly, aliyeiongoza filamu hiyo pamoja na Stanley Donen. Aliicheza dansi ile akiwa na homa iliyozidi digrii 39, katika barabara ya kuigiza ya kampuni ya MGM, ambako mashimo yalichimbwa ili madimbwi yakae pale pale miguu yake ilipoyahitaji. Uvumi kwamba maji yalichanganywa na maziwa ili mvua ionekane vyema hauna msingi. Taa ziliwekwa nyuma ya mvua, basi. Hayo tisa. Kumi ni kwamba mtu huyo anayecheza kwa furaha isiyo na kifani ni mtu ambaye, katika hadithi, ametoka kuaibika mbele ya hadhira yake, na kilichomwaibisha ni sauti.

Hadithi inatokea mwaka wa 1927. Oktoba ya mwaka huo filamu ya The Jazz Singer ilionyeshwa mjini New York, na watazamaji wakamsikia Al Jolson akiimba na kusema kutoka kwenye kiwambo. (Mengi yangeweza kusemwa kuhusu Mzungu anayejipaka masizi usoni ili aimbe, lakini hayo nayaweka kwa siku nyingine.) Hadi wakati huo waigizaji wa Hollywood walikuwa mabubu watukufu. Walisema kwa macho, kwa nyusi na kwa mikono, na maneno yao yakaandikwa kwenye kiwambo. Ghafla kila studio ikataka filamu zinazosema. Teknolojia ya awali ilikuwa ya kubahatisha: katika mtambo uliotumiwa kwa filamu hiyo ya Jolson, picha ilikuwa kwenye utepe na sauti kwenye santuri, vitu viwili mbalimbali vilivyotakiwa kwenda sambamba kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Sindano ikiruka kidogo tu, maneno ya huyu yanatoka kinywani mwa yule. Katika Kuimba Mvuani balaa hilo linatokea mbele ya ukumbi uliojaa: Lina Lamont, nyota wa kike, anatikisa kichwa kukataa, na kinywani mwake inatoka sauti nene ya kiume ikikubali.

Waandishi wa mchezo huo, Betty Comden na Adolph Green, hawakuanza na wazo hilo kubwa. Walipewa nyimbo kuukuu. Mtayarishaji Arthur Freed alikuwa zamani mtunzi wa maneno ya nyimbo, akishirikiana na Nacio Herb Brown aliyetunga muziki, naye alitaka filamu itakayotumia hazina yao. Wimbo wa mvua wenyewe ulikuwa umekwisha kusikika katika filamu ya mwaka wa 1929. Comden na Green wakang'amua kwamba nyimbo za zama hizo zingefaa hadithi ya zama hizo hizo, yaani siku Hollywood ilipojifunza kusema. Kazi iliyoanza kama kuchakura sanduku la nguo za zamani ikazaa vazi jipya.

Sasa nije kwa huyu Lina Lamont, kwa kuwa ndiye aliyenitia kalamu mkononi. Lina ni mrembo, anapendwa na umma, na magazeti yanamwandika kila siku. Lakini akifungua kinywa inatoka sauti nyembamba, kali, ya king'ong'o, na lafudhi ya mitaa ya watu wa chini. Studio inamwajiri mwalimu wa matamshi, bibi mmoja mwenye adabu nyingi, ambaye anamkaririsha sentensi moja tena na tena. Tatizo ni irabu ya neno la Kiingereza lenye maana ya "siwezi". Mwalimu anataka a ndefu, ya nyuma ya kinywa. Lina anatoa a ya mbele inayoelekea kuwa e, tena kupitia puani. Mwalimu anarudia, Lina anarudia, na kila mmoja anabaki na irabu yake.

Darasani kwangu wanafunzi walikuwa wakiangua kicheko hapo kila mwaka. Nami nilikuwa nikicheka pamoja nao, na kuongezea: "Mnaona faida ya kusoma fonetiki?"

Mwaka mmoja msichana aliyeketi karibu na dirisha hakucheka. Kipindi kilipokwisha alinifuata hadi mlangoni. "Mwalimu, samahani," akaniambia, "huyu mama kosa lake hasa ni nini?" Nilimjibu kwa istilahi: urefu wa irabu, mahali pa matamshi, unazali. Alinisikiliza kwa heshima hadi nikamaliza. Kisha akasema kwamba hizo ni tofauti, naye alikuwa ameuliza kosa. Akanieleza kwamba katika shule ya upili aliyosoma, kila aliposimama kujibu swali darasa lilicheka kabla hajafika katikati ya sentensi, kwa sababu alichanganya l na r kama wafanyavyo maelfu ya Wakenya ambao lugha zao za kwanza hazizitenganishi sauti hizo. Mwalimu wake alicheka pia. Katika kidato cha tatu akaacha kabisa kuinua mkono. Hakuyasema hayo kwa kulalamika. Alikuwa amekuja chuoni kusomea ualimu, na alitaka kujua kama atatakiwa kucheka.

Sikuwa na jibu la maana siku ile. Nilikwenda nyumbani, nikaitazama filamu upya, peke yangu.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba filamu hii ina masomo mawili ya matamshi, na kwa miaka yote nilikuwa nikiyaonyesha kama somo moja. Baada ya Lina anafuata Don Lockwood, mwigizaji wa kiume, ambaye ndiye Kelly mwenyewe. Mwalimu wake ni mwanamume mwenye miwani anayemsomesha kitanza ndimi kuhusu Musa na vidole vya miguu yake. Rafiki ya Don, Cosmo, anayeigizwa na Donald O'Connor, anaingia na kumdhihaki mwalimu huyo kwa nyuma. Kisha wote wawili wanaziteka zile silabi, wanazigeuza ngoma, na kuanza kucheza ile dansi ya viatu vyenye vyuma ambamo kila kisigino kinagonga sakafu kama herufi kwenye mashine ya kupigia chapa. Wanaruka juu ya meza, wanajifunika mapazia, na mwishowe wanamrundikia mwalimu samani na takataka za chumba kizima. Ni mojawapo ya dansi bora zilizopata kurekodiwa. Mwanafunzi yeyote wa ushairi wetu, aliyefundishwa kuhesabu mizani kwa vidole, ataelewa papo hapo kinachofanyika pale: sauti imeachana na maana na kubaki mapigo matupu.

Lakini tazama mgawanyo wenyewe. Don anaruhusiwa kulicheka somo. Lina anachekwa na somo. Wote wawili wamefikishwa mbele ya mahakama ile ile ya irabu. Mmoja ana miguu ya kumtoa humo, mwingine hana.

Na irabu hiyo ilikuwa ya nani? Haikuwa ya Wamarekani walio wengi. Ni lafudhi iliyofundishwa katika shule za maigizo za Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, nusu yake ikiwa ya Uingereza. Mmoja wa walioieneza, mwanafonetiki William Tilly wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa mzaliwa wa Australia. Waliotakiwa waseme hivyo iliwabidi waifunze kama tunavyojifunza sisi lugha ya kigeni. Kiswahili kina a moja tu, ya katikati, isiyomdhulumu mtu; lakini nani miongoni mwetu hajamwona mwalimu wa Kiingereza akiipigania ile a ndefu ya Waingereza kana kwamba mtihani wote umo ndani yake?

Ufumbuzi wa hadithi unajulikana. Kathy Selden, msichana mwenye sauti nzuri anayeigizwa na Debbie Reynolds, anawekwa nyuma ili aseme na kuimba badala ya Lina. Mwishoni Lina anajitokeza jukwaani kuimba moja kwa moja, Kathy amefichwa nyuma yake, na wanaume watatu wanalivuta pazia. Ukumbi unavunjika mbavu. Lina anakimbia, Kathy anatukuzwa, haki imetendeka, sauti imerudishiwa mwenyewe.

Kumbe sivyo. Nyuma ya pazia hilo lilikuwapo pazia jingine ambalo halikuvutwa. Reynolds alizaliwa El Paso, jimbo la Texas, na matamshi yake ya huko hayakuwaridhisha waongozaji. Kwa hiyo palipohitajika Kathy amsemee Lina kwa Kiingereza safi, aliyesema ni Jean Hagen, yule yule aliyemwigiza Lina! Sauti ya Hagen mwenyewe ilikuwa nzuri na iliyolelewa vyema. King'ong'o chote kilikuwa usanii wake. Na pale Kathy anapoimba badala ya Lina wimbo wa taratibu wa mapenzi, anayesikika ni mwimbaji mwingine, Betty Noyes, ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye filamu. Ndiyo kusema kwamba filamu inayolaani wizi wa sauti ilimtendea Noyes jambo lile lile ambalo Lina alitaka kumtendea Kathy. Sijui kama waliokuwapo walicheka au waliona haya. Hata milio ya viatu katika dansi, kama ilivyokuwa desturi, ilirekodiwa baadaye na kubandikwa juu ya picha.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini filamu hii haizeeki. Ilipotoka mwaka wa 1952 ilipendekezwa kwa tuzo mbili tu za Oscar, moja ikiwa ya Hagen, na haikupata hata moja. Leo iko juu ya nyingi zilizoishinda: taasisi ya filamu ya Marekani iliitaja mwaka wa 2006 kuwa bora kuliko filamu zote za muziki za nchi hiyo, na katika kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound mwaka wa 2022 ilishika nafasi ya 10 miongoni mwa filamu zote za dunia. Watu husema sababu ni furaha yake. Nakubali, ila furaha hiyo ina mahali inapotoka. Kila dansi kubwa ndani yake inazuka pale maneno yanaposhindwa au yanapochosha: Don na Cosmo wanacheza kwa kuchoshwa na somo, watatu wanacheza asubuhi baada ya usiku wa fedheha ya onyesho, na Don anacheza mvuani kwa sababu hakuna sentensi ya kutosha. Mdomo unapimwa kwa asili ya mtu na mtaa wake. Mguu unapimwa kwa kazi tu. Reynolds alikuwa na umri wa miaka 19 na hakuwa mcheza dansi kabla ya hapo. Alifanyishwa mazoezi hadi miguu ikatoka damu, na ukimwona katikati ya Kelly na O'Connor huwezi kusema nani mgeni. Matamshi yake ya Texas yalifichwa. Miguu yake haikuhitaji kufichwa.

Jambo la pili nililoliona usiku ule ni dogo zaidi, nami naona aibu kwamba nililipita miaka yote. Wakubwa wa studio wanapopanga kumpa Kathy sifa zake, Lina anawajia na mkataba. Ameusoma. Anawaonyesha kifungu kinachompa mamlaka juu ya habari zinazotangazwa kumhusu, na mkuu wa studio, mwenye mawakili lukuki, anafyata. Huyo ndiye tuliyekuwa tukimhesabu mjinga. Ni mwovu, ndiyo, na dhuluma anayomfanyia Kathy haina udhuru. Lakini mjinga si yeye. Tulimhukumu akili kwa irabu.

Yule msichana alihitimu na sasa anafundisha shule ya upili. Mimi bado naionyesha filamu, ila kwa utaratibu mwingine. Mwaka huu niliisimamisha kwenye somo la Lina na kuwaomba wanafunzi waandike irabu zote mbili kwa alama za kifonetiki, bila kuambiwa ipi ni ya mwalimu. Kisha nikawauliza ni ipi iliyo karibu na ya kwao. Mvulana mmoja akaichagua ya Lina, mwenzake akamkatalia, akaombwa aitamke, akaitamka, na chumba kizima kikaanza kutamka, kila mtu na yake, kelele zikavuka hadi ukumbi wa jirani. Muda ukatuishia tukiwa bado kwenye neno lile moja, na mvua hatukuifikia. Wamenidai niwaonyeshe Ijumaa.