Marekani: Katika kambi za magari-nyumba, waya wa tatu ndio unaochunga maisha

Jua linazama. Gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani linaingia kambini. Baba anashuka, anatoa kamba nene ya umeme ubavuni mwa gari na kutafuta kisanduku cha chuma kilichosimamishwa kando ya kiwanja alichokodi. Prizi yake haifanani na kichwa cha kamba. Anachukua kiunganishi alichonunua dukani, anachomeka, na taa zinawaka. Watoto wanapiga makofi. Baadaye mmoja wao anatembea miguu wazi kwenye majani yenye maji, anashika mlango wa gari, na umeme unamrusha.

Mafundi wa Marekani wanaujua vizuri mkasa wa namna hii. Wanasema gari lina "ngozi ya moto", maana yake umeme umetoroka ndani na kuenea kwenye chuma chote cha nje. Kuna wanaopona na woga tu. Kuna wanaokufa hapo hapo.

Kwetu, neno "kambi" linaleta kwanza mawazo ya wahamaji wa vita. Kambi hizi ni nyingine kabisa. Ni viwanja vya mapumziko ambako msafiri analipa nafasi ya kusimamisha gari lake, na mara nyingi anapata maji na umeme. Inchi yetu ni mojawapo ya zile zilizotoa wakimbizi wengi waliopokelewa Marekani katika miaka ya karibuni, na kwa hiyo ndugu zetu wengi sasa wanaishi huko na kujifunza desturi za huko. Siku moja wataalikwa kambini. Ni vizuri wajue kwa nini masharti ya umeme pale ni makali.

Sheria inasema nini

Msingi wa masharti hayo ni kanuni ya taifa ya umeme, inayojulikana kwa kifupi kama NEC. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1897, na sasa inapitiwa upya kila miaka 3. Inaandikwa na shirika la kupambana na moto, NFPA, lakini inapata nguvu ya sheria pale jimbo ao muji unapoikubali. Kifungu cha 551 kinahusu magari-nyumba na kambi zake.

Kifungu hicho kinaingia hata katika mambo madogo. Swichi ya kukata umeme kwenye kila kiwanja inapaswa kuwa kati ya sentimeta 60 na mita 2 kutoka ardhini, ili mtu aifikie haraka. Kila kiwanja chenye umeme kinapaswa kuwa na angalau prizi moja ya ampea 20. Viwanja 70 kwa kila 100 vinapaswa kuwa na ile ya ampea 30.

Kila prizi ina nguvu yake. Ile ya ampea 30 ina matundu matatu, inatoa volti 120, na mwisho wake ni wati 3,600. Ile ya ampea 50 ina matundu manne na inaleta nyaya mbili zenye umeme, ndiyo maana inaweza kufika wati 12,000. Kiunganishi kinaweza kufanya kichwa kikubwa kiingie katika tundu dogo, lakini hakiongezi umeme hata kidogo. Klimatizeri ya juu ya gari inakula karibu wati 1,500, na mikrowevu karibu hivyo hivyo. Ongeza chombo cha kupasha maji moto, na tayari umepita 3,600. Dijonkteri, ile swichi inayojikata yenyewe, inaanguka na gari zima linabaki gizani.

Dijonkteri haikulindi wewe

Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Wanafikiri kwamba kwa kuwa kuna dijonkteri, hakuna hatari. Lakini kazi ya dijonkteri ni kulinda waya usiungue. Ile ya ampea 30 inangoja mpaka umeme upite kiasi hicho. Mwili wa binadamu unaweza kufa kwa sehemu moja tu ya kumi ya ampea. Kabla dijonkteri haijashtuka, moyo umekwisha kusimama.

Kinachomlinda mtu ni waya wa tatu, ule wa usalama, unaounganisha chuma cha gari na chanzo cha umeme. Umeme ukitoroka na kugusa bodi, waya huo unaupa njia nyepesi ya kurudi. Unapita kwa wingi, dijonkteri inaanguka mara moja, na mlango unabaki salama. Waya huo ukikatika, ao mtu akikata jino la tatu la kichwa ili kiingie kwenye ralonji ya matundu mawili, hakuna kitu kitakachoonekana. Taa zinawaka, frigo inapoza. Chuma nacho kinangoja mtu wa kukigusa.

Kwenye prizi ndogo, za ampea 15 na 20, kanuni inadai pia kifaa kinachokata umeme kikihisi miliampea 5 hivi zinapotea njia. Lakini ile kubwa ya ampea 30 kwa kawaida haina kifaa hicho. Pale waya wa tatu unabaki peke yake.

Wengine wanapiga nondo ardhini kando ya gari na kuifunga kwenye chuma, wakiamini udongo utameza umeme. Hesabu inakataa. Nondo iliyopigwa vizuri inaweza kuwa na upinzani wa omu 25. Gawanya volti 120 kwa 25, unapata ampea 4.8. Dijonkteri ya ampea 30 haitahisi kitu, na bodi itaendelea kuwa na umeme.

Wakati wa joto

Kuna jambo lingine ambalo msafiri haoni. Wanaochora nyaya za kambi hawahesabu kwamba kila gari litatumia umeme wake wote kwa wakati mmoja. Kwa kambi yenye viwanja 36 ao zaidi, kanuni inaruhusu kuhesabu asilimia 41 tu ya jumla. Siku za kawaida inatosha. Siku ya joto kali, kila klimatizeri ikiwa inazunguka, volti zinashuka na mota zinapata moto. Ndiyo sababu wengi wananunua kifaa kinachokata umeme ukishuka chini ya volti 104 hivi.

Si kila mahali kuna prizi. Katika mbuga ya Yellowstone, kambi moja tu, Fishing Bridge, inatoa umeme kwa magari-nyumba. Kwingine ni kutumia betri ao jenereta, na katika mbuga za taifa kelele zisizo za lazima zinakatazwa kuanzia saa nne ya usiku hadi saa kumi na mbili ya asubuhi.

Kabla ya kuchomeka

Mafundi wanashauri utaratibu mmoja. Zima swichi ya kisanduku. Angalia kama prizi imeungua ao imelegea. Washa, pima kwa kifaa kidogo cha kupimia kama nyaya zote tatu ziko mahali pake, kisha zima tena. Chomeka, kisha washa. Mwisho, kabla mtu yeyote hajashika mlango, sogeza kalamu ya kupima umeme karibu na bodi. Ikilia ao kuwaka, zima tena, chomoa, na uite mwenye kambi.

Sisi tulio Goma, Bukavu ao Lubumbashi hatuna magari-nyumba, lakini ralonji tunazo, tena nyingi hazina waya wa tatu, na volti zetu ni 220. Nondo ya omu 25 kwetu inapitisha ampea 8.8, ambazo haziangushi dijonkteri ya ampea 16. Kinachoweza kuokoa mtu ni dijonkteri ya diferansieli ya miliampea 30, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia. Ukiwa nayo nyumbani, bonyeza kitufe hicho leo. Isipoanguka, ita fundi kabla ya mtoto kushika frigo kwa mikono yenye maji.