Komoro: Visiwa Ambako Ratiba ya Mgeni Hupangwa na Maji

Umoja wa Komoro ni nchi ya visiwa vitatu, Ngazija, Nzuani na Mwali, vilivyokaa kwenye lango la kaskazini la Mlango-bahari wa Msumbiji, kati ya Madagaska na bara la Afrika. Kisiwa cha nne, Maore, kilibaki chini ya Ufaransa wenzake walipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Kina masharti yake ya kuingia, na visa iliyotolewa Moroni, mji mkuu wa Komoro, haifai huko. Msafiri wa Afrika Mashariki hatapata shida ya saa, kwa kuwa Komoro inafuata majira yaleyale ya Dar es Salaam na Nairobi. Hata hivyo, mwenye nia ya kufika Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, atalazimika kuifuata saa nyingine, ile ya maji kujaa na kupwa.

Mwaka una misimu miwili. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna joto na mvua, na ndicho kipindi cha vimbunga. Kimbunga Kenneth kilichopita mwishoni mwa Aprili 2019 kiliacha nyumba bila mapaa na mashamba yakiwa yamelala. Kuanzia Mei hadi Oktoba hali ni kavu na ya ubaridi kiasi, lakini kusi likikaza, bahari kati ya visiwa huchafuka. Julai na Agosti zina jambo lao. Wakomoro wanaoishi Ufaransa hurudi nyumbani kwa ajili ya ndoa kubwa za mila, ndege hujaa, na nauli na vyumba hupanda bei. Mgeni asiyealikwa harusini atapata nafasi zaidi mwezi Mei au kuanzia Septemba. Nyangumi wenye nundu huja kuzaa na kulea kati ya Julai na Oktoba, na kasa hutaga mwaka mzima.

Lango kuu la kuingilia ni uwanja wa ndege wa Prince Said Ibrahim ulioko Hahaya, kaskazini mwa Moroni. Kutoka Afrika Mashariki ndege hutokea Dar es Salaam, Nairobi na Addis Ababa. Kwa kawaida visa hutolewa uwanjani na hulipiwa taslimu, ila masharti hubadilika, hivyo yathibitishwe ubalozini kabla ya kukata tiketi. Atokaye nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo. Chandarua kitumike usiku, hasa Ngazija ambako malaria imekuwa sugu kuliko visiwa vingine, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa iliyofungwa.

Fedha ya nchi ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa na yuro: yuro 1 ni sawa na faranga 492 hivi. Jambo hilo humrahisishia mgeni hesabu na kumpunguzia hofu ya kupunjwa. Mashine za kutolea fedha zipo Moroni lakini ni chache, na kadi ya benki haina kazi kijijini. Anayekwenda Mwali abadilishe fedha za safari nzima akiwa Moroni, na achukue noti ndogondogo.

Kufika Mwali kuna njia mbili. Ndege ndogo hutua Fomboni, mji mkuu wa kisiwa hicho, lakini ratiba yake huahirishwa mara kwa mara. Boti za faiba huondoka Chindini, kusini mwa Ngazija, na kufikia Hoani upande wa Mwali. Bahari ikiwa shwari safari huchukua saa mbili hivi. Mawimbi yakiinuka inakuwa ndefu zaidi na abiria wanalowa. Boti nzuri ni ile yenye jaketi la kuokolea kwa kila abiria, isiyojazwa kupita kiasi, na inayoondoka asubuhi kabla upepo haujaamka. Nahodha akisema leo haendi, hilo ni neno la kumshukuru.

Kutoka Fomboni, barabara inayoelekea mashariki humfikisha mgeni Itsamia, kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoko kwenye ncha ya kisiwa. Hapa ndipo penye sababu ya kuvumilia safari yote. Fukwe za Itsamia ni miongoni mwa mazalia makubwa ya kasa uziwa, yule kasa wa kijani, katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Jike mmoja ana gamba lenye urefu wa mita moja hivi, na uzito wake unaweza kuzidi kilo 100. Huja nchi kavu kwa kazi moja tu, ya kuacha mayai yake kwenye mchanga.

Swali la kwanza la mwongozaji wa Itsamia anapopokea mgeni ni la maji: usiku huu yanajaa saa ngapi? Mbele ya fukwe hizi kuna mwamba wa matumbawe. Maji yakipwa mwamba hubaki mtupu, na mnyama mzito hawezi kujiburuta juu yake. Yakijaa, kasa huelea hadi karibu na mchanga mkavu, na kazi ya kupanda inapungua. Kwa kuwa saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, mgeni wa Jumatatu aliyeamshwa saa tatu usiku ataamshwa karibu saa tano akibaki hadi Jumatano. Maji ya bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hupanda juu zaidi ufukweni kuliko maji mafu. Mtu anayepanga kulala Itsamia usiku mmoja tu aulize kalenda ya maji kabla ya kuchagua tarehe, kwa sababu kujaa kwa maji kunaweza kuangukia jioni mapema au alfajiri.

Masharti ya ufukweni hutolewa na mwongozaji kabla ya kuondoka kijijini, na hayana mjadala. Nguo ziwe za rangi ya giza. Tochi nyeupe na simu zizimwe, na mwanga pekee unaoruhusiwa ni mwekundu, tena mkononi mwa mwongozaji. Hakuna picha za mmweko. Kundi liwe dogo, litembee karibu na ukingo wa maji, na likae chini mara tu mwongozaji anapoinua mkono. Kasa anayetoka majini ni mwoga kupindukia. Kivuli kinachosogea au sauti ya mtu humrudisha baharini akiwa bado na mayai tumboni, na nguvu alizotumia kupanda zimepotea bure.

Subira hiyo ina malipo yake. Jike hupanda kwa vituo, akivuta hatua chache na kupumzika, na pumzi yake husikika wazi. Akipata mahali panapomridhisha, huchimba shimo la mwili kwa mapezi ya mbele, kisha huchimba kisima cha mayai kwa mapezi ya nyuma, akiteka mchanga kidogo kidogo na kuuweka pembeni kwa uangalifu wa kustaajabisha, ingawa hauoni anaouteka. Mayai yakianza kudondoka, mnyama hutulia kabisa, na hapo ndipo mwongozaji huruhusu watu wasogee, kwa nyuma, bila kugusa. Mayai ni meupe, ya mviringo kama mpira wa tenisi ya meza, na kwa kawaida huzidi 100 katika kiota kimoja. Machozi yanayomtiririka ni chumvi ambayo mwili wake unaitoa. Akimaliza hufukia, kisha hurusha mchanga huku na huko ili kiota kisitambulike. Kazi yote huweza kuchukua saa mbili au zaidi, na mgeni anatakiwa kubaki hadi mama huyo arudi majini.

Baada ya miezi miwili hivi, vitoto hutoka, mara nyingi usiku, na kukimbilia kwenye uangavu wa upeo wa bahari. Taa ya nyumba huwapoteza njia, na hata wakielekea sawa, kaa na ndege huwasubiri. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto huzaa majike, wa baridi huzaa madume. Wachache wanaonusurika huhitaji miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga, na kwa kawaida hurudi kutaga katika eneo walikozaliwa.

Ulinzi wa fukwe hizi umebebwa na wanakijiji wenyewe. Hifadhi ya bahari ya Mwali ilianzishwa mwaka 2001, ikiwa ya kwanza nchini, na mwaka 2020 UNESCO ilikiingiza kisiwa hicho kwenye orodha ya hifadhi za mazingira hai. Lakini kabla na baada ya majina hayo makubwa, vijana wa Itsamia wamekesha ufukweni kuwazuia majangili wanaokuja kwa boti kuchinja kasa kwa ajili ya nyama. Katika visiwa vingine vya Komoro, fukwe zimechotwa mchanga wa kujengea hadi yamebaki mawe. Itsamia bado ina mchanga, na hilo ni tunda la watu waliochagua kuulinda.

Yapo maswali ambayo hakuna mwongozaji anayeweza kuyajibu. Usiku usio na mgeni, nani amlipe anayekesha? Wageni wakiongezeka, ufukwe utavumilia nyayo ngapi? Dunia ikizidi joto, madume watatoka wapi? Na vifaa vya satelaiti vimeonyesha kwamba kasa wanaotaga katika visiwa vya mlango-bahari huu husafiri kwenda kula majani ya bahari Msumbiji, Madagaska na hata Tanzania. Yule aliyelindwa Itsamia atakutana na nyavu za nani?

Mwenye siku za ziada ana mengi ya kuona. Nioumachoua, kusini mwa Mwali, kuna visiwa vidogo vya kuogelea na kutazama matumbawe. Milimani huishi popo wa Livingstone, ambaye duniani kote yupo Mwali na Nzuani pekee. Nzuani ina mji mkongwe wa Mutsamudu na ngome yake. Ngazija ina Karthala, volkano hai yenye urefu wa mita 2,361, ambayo haipandwi bila mwongozaji na maji ya kutosha.

Karibu Wakomoro wote ni Waislamu. Mavazi ya staha yanatakiwa mijini na vijijini, nguo za kuogelea ziishie ufukweni, na mwezi wa Ramadhani mgeni asile wala kunywa hadharani mchana. Salamu itangulie kila jambo, na mzee asipigwe picha kabla ya kuombwa ruhusa. Anayejua Kiswahili atatambua maneno mengi ya Kikomoro, na wengi Moroni waliowahi kuishi Zanzibar au Dar es Salaam watamjibu kwa Kiswahili.

Ada ya mwongozaji ilipwe kijijini, kwa watu wa kijiji, hata kama usiku huo hakuna kasa aliyepanda, kwa sababu kinacholipiwa ni ulinzi. Mwisho, aliyekwenda Mwali kwa boti aache siku mbili kati ya kurudi Ngazija na ndege ya kimataifa. Bahari ikichafuka, siku hizo mbili ndizo zitakazookoa tiketi yake.